Magoti ya Mzee Kwenye Njia ya Dhahabu

Kwetu Nyarugusu, mtu akipata mbale, jiwe lenye dhahabu, asubuhi, jioni bodaboda wameshamwaga watu kutoka Geita mjini, na kesho yake mama ntilie wamepanga masufuria. Klondike haikuwa hivyo. Dhahabu ilionekana tarehe 16 Agosti 1896 kwenye kijito kilichokuja kuitwa Bonanza Creek, kaskazini-magharibi mwa Kanada, na baridi ikaufunga mto Yukon kabla habari hazijatoka nje. Meli iliyoitwa Portland ilitia nanga Seattle tarehe 17 Julai 1897, ikiwa na wachimbaji na dhahabu ambayo magazeti yaliitangaza kuwa ni tani nzima. Hapo ndipo dunia iliposhtuka. Hesabu mwenyewe: miezi kumi na moja. Aliyewahi kukimbilia rashi, mbio za kuwahi dhahabu mpya, anajua miezi kumi na moja maana yake nini. Viwanja vimeisha, na wewe hujafunga hata begi.

Watu wapatao 100,000 walianza safari hata hivyo. Waliofika Dawson City, mji ulioota karibu na kijito hicho, hawakuzidi 40,000, na waliopata dhahabu ya kueleweka walikuwa elfu chache tu.

Nasema haya nikiwa mtu aliyeyaishi ya kwetu. Nimeshuka maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu na Rwamgasa tangu ujana, nimekaa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hadi vumbi likawa chakula, nimeosha dhahabu kwenye mwalo mpaka vidole vikachubuka. Sasa nimepita sitini. Binti yangu aliolewa na kijana wa Bukavu, wakaanza maisha Edmonton, kisha kazi ikawahamishia Whitehorse, makao makuu ya Yukon, nami nikawafuata nyuma. Kwa hiyo uzee wangu umenileta kuishi kando ya mto uleule waliokuwa wanauota wale watu wa 1898. Mtu wa dhahabu hata akistaafu dhahabu humfuata.

Tulihama kwa gari, karibu kilomita 2,000 kutoka Edmonton, hita inawaka, watoto wanalala nyuma. Njiani mkwe wangu akanisimulia kwamba mwaka 1897 wafanyabiashara wa Edmonton, mji mdogo wakati huo, walitangaza kila mahali kwamba kutoka kwao kuna njia ya kwenda Klondike isiyotoka nje ya ardhi ya Kanada. Watu wapatao 2,000 wakaamini. Wengine waliteremka na mito hadi Mackenzie. Wengine walishika nchi kavu na farasi wao kupitia Peace River, Fort St. John na mto Liard. Sisi tulipita Fort St. John tukanunua mafuta na kahawa. Wao walipita hapo wakiwa wameshaanza kutupa mizigo, maana njia iliyotangazwa haikuwepo. Palikuwa na msitu, matope na magogo yaliyoanguka. Farasi walikufa kwa maelfu kwa kukosa malisho. Wengi waligeuza, baadhi walikufa kwa kiseyeye, na wengi wa waliofika walifika 1899, rashi ikiwa imeshahama.

Mkwe aliona ajabu watu wazima kudanganyika hivyo. Mimi sikuona ajabu yoyote. Nimewaona waliouza ng'ombe ili wanunue tochi, sululu na viroba kwa mtu aliyewaambia kwamba kuna mlima unatema dhahabu. Mwenye duka la sepeto hahitaji mlima uteme kitu. Yeye faida yake ameipata siku unayoondoka.

Njia waliyoifuata wengi ilikuwa nyingine. Walikwenda kwa meli mpaka Skagway au Dyea huko Alaska, kisha wakavuka milima kuingia Kanada, wakaunda mashua kwenye maziwa ya juu na kuteremka na mto Yukon kiasi cha kilomita 800 hadi Dawson. Kutoka Skagway walipita White Pass, ambako farasi wapatao 3,000 walikufa kwa kupigwa, kuvunjika miguu na kuachwa. Kutoka Dyea walipita Chilkoot, mwinuko ambao mnyama wa mizigo haupandi. Leo njia ya Chilkoot ni hifadhi inayolindwa na nchi zote mbili, kilomita 53 kutoka Dyea hadi ziwa Bennett, na watu huipita kwa miguu wakati wa kiangazi.

"Papa, kilomita makumi tano na tatu tu," mkwe akaniambia. Watu wa Bukavu wana namna yao ya kuhesabu, na wana namna yao ya kusema "tu".

Viza ya Marekani ilitutoa jasho kuliko mlima, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Tukafika Dyea. Mji haupo. Mwaka 1898 palikuwa na maelfu ya watu, hoteli, maghala na gati refu. Sasa ni miti, nguzo zilizooza na makaburi. Nikaomba tuanzie makaburini. Mkwe hakupenda, ila mimi sehemu yoyote ya machimbo napenda kujua kwanza imeua vipi.

Vibao vingi pale vina tarehe moja: 3 Aprili 1898, Jumapili ya Matawi. Theluji ilikuwa imeanguka nyingi, na hewa ikapata joto. Watlingit, wenyeji wa pwani ile waliokuwa wakibeba mizigo kwa malipo, waliutazama mlima wakakataa kupanda. Wageni wakapanda. Theluji ikaporomoka njiani, mbele kidogo ya kambi ya Sheep Camp, na kufukia watu, wakafa zaidi ya 60. Walionusurika walichimba siku kadhaa kutafuta wenzao.

Nilikaa pale muda mrefu, kwa sababu jambo hilo nalijua kwa jina la kwetu. Duara likianza kudondosha vijiwe vidogo, mzee aliyekaa mdomoni anawaambia vijana watoke. Vijana wanatazama kiroba hakijajaa. Wanasema, "Mzee, dakika kumi tu." Hakuna ufundi mkubwa katika uchimbaji kuliko kujua siku ya kutofanya kazi, na ufundi huo hauuzwi kwenye duka lolote la vifaa. Watlingit walikuwa nao kwa sababu njia ile ilikuwa yao. Kwa vizazi na vizazi waliitumia kufanya biashara na watu wa bara, tena walimzuia mgeni asipite. Ilibidi Wamarekani walete manowari mnamo miaka ya 1880 ndipo wachimbaji waruhusiwe kupita. Watlingit walipokubali kuwa wapagazi, walikuwa wapagazi wenye masharti: bei walipanga wao, ikapanda kila umati ulipoongezeka, na siku ya Jumapili wengi wao hawakubeba, wakienda kusali. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 45, wengine zaidi. Wapagazi wa Unyamwezi, ambao wazee wetu Kanda ya Ziwa bado wanawasimulia, walibeba kama kilo 30 kwa safari ya miezi. Kwa hiyo nilipoona picha za Watlingit na kamba ya mzigo ikipita kwenye paji la uso, niliwatazama kama mtu anayetazama watu wa ukoo.

Sasa tuje kwenye tani moja ya mizigo ambayo kila mtu alitakiwa kuvuka nayo. Majira ya baridi ya 1897 Dawson ilikosa chakula, watu wakakimbia mji kwa hofu ya njaa. Basi polisi wa Kanada, chini ya Sam Steele, wakaweka kituo juu kabisa ya mlima kwenye mpaka, na sharti likawa hili: hupiti bila chakula cha mwaka mzima. Chakula peke yake ni zaidi ya kilo 500. Unga wa ngano kama kilo 180, maharage kama kilo 45, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, sukari, kahawa. Ongeza hema, jiko, misumeno, misumari, kamba na nguo, unakaribia tani.

Kijana akisikia kilomita 53 anawaza kutembea. Mimi nilikaa kwenye gogo nikafanya hesabu ya mchimbaji. Kilo 900, ukibeba kilo 30 kila mara, ni mizigo 30. Kila hatua ya njia unaipita mara 30 ukienda na mara 29 ukirudi mikono mitupu. Kilomita 53 zinageuka zaidi ya 3,000. Waliokuwa na sledi, kigari cha kuteleza thelujini, walivuta mizigo mikubwa zaidi sehemu za tambarare, na waliokuwa na fedha walilipa nyaya zilizopandisha mizigo angani, zilizokuwa zikifanya kazi kufikia masika ya 1898. Maskini alitumia mgongo wake. Miezi mitatu ilikwisha kabla hajauona mto.

Ndiyo maana nasema safari ile haikuwa ya mwendo, ilikuwa ya kuhamisha. Kijana mwenye nguvu anabeba kilo 45 siku ya kwanza, kisha analala siku ya pili. Mzee anabeba 20, anaweka, anarudi, na wiki ikiisha mizigo yao iko mahali pamoja, ila mzee bado ana magoti. Wazee walikuwepo kwenye mstari ule. Mshairi mmoja maarufu wa Marekani alivuka Chilkoot mwaka 1897 akiwa na miaka 60, akiandikia gazeti, mzigo wake mwepesi. Kuvuka alivuka vizuri. Shida ilimkuta Dawson majira ya baridi, chakula kilipoadimika, akajaribu kutoka na kurudi akiwa ameumwa na baridi kali. Mzigo mwepesi huwa mwepesi mpaka siku unapouhitaji.

Mizigo yetu sisi ilikuwa ya kitoto: hema, magodoro ya upepo, wali, dagaa niliowaficha mkwe asiwaone (harufu yake na dubu, mtaelewa), na dawa ya kupulizia dubu. Kwenye kila kambi kuna sanduku la chuma la kufungia chakula. Dagaa zilikaa huko kwa heshima zote.

Kutoka Dyea njia inapita msitu wenye unyevu, mizizi na madaraja ya kamba. Canyon City kuna boila la chuma lililoachwa msituni, lilikuwa likiendesha nyaya za mizigo. Niliizunguka ile mashine nikiikagua rivet kwa rivet, mkwe akinisubiri kwa adabu. Tulipofika Sheep Camp, mlinzi wa hifadhi alitukusanya jioni akatuambia tuondoke alfajiri, maana theluji ya mlimani hulegea jua likipanda. Nilifurahi kusikia hivyo kutoka kwa mtu mwenye sare.

Juu ya Sheep Camp kuna mahali panaitwa Scales, ambapo mizigo ilipimwa upya na bei ya upagazi kupanda. Hapo ndipo kuna lundo la vitu vilivyotupwa: vyuma, nyaya, soli za viatu, vipande vya majiko. Kuchukua hata msumari ni kosa la kisheria. Kila kitu pale kilisafirishwa kwa gharama kubwa kutoka Seattle au San Francisco, kikabebwa mgongoni, na mwenyewe akafika chini ya ngazi, akaangalia juu, akachagua. Mkwe alipiga picha. Mimi nilikuwa nasoma lile lundo, kwa sababu ukitaka kujua watu walidanganywa nini, angalia walichotupa kwanza.

Ngazi zenyewe wakati wa baridi zilichongwa kwenye barafu, kama vidato 1,500, na watu wakapanda kwa mstari mmoja, kila mtu pua yake kwenye mzigo wa mwenzake. Ukitoka kwenye mstari kupumzika, kurudi ni kazi. Kiangazi hakuna ngazi, kuna mawe makubwa yaliyolundikana, unapanda kwa mikono na miguu. Hapo magoti yalizungumza. Niliweka utaratibu wangu wa duarani: pumzi tatu, hatua, pumzi tatu. Wasichana wawili Wazungu walitupita wakicheka, baadaye tukawakuta wamekaa wamejishika mbavu. Tukapeana karanga.

"Papa, upumuzike," mkwe akasema, na yeye ndiye aliyekuwa ameegemea jiwe.

"Nimeshapumzika, mwanangu. Napumzika kila hatua. Wewe ndiye unayesubiri uchoke kwanza."

Kileleni, kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,000, kuna mabaki ya mashua za kukunja. Mtu alibeba mashua mpaka juu ya mlima, akaiacha. Nafikiri aliambiwa hapo hapo kwamba chini upande wa pili kuna miti, na mbao zinapasuliwa.

Zilipasuliwa kweli. Kwenye maziwa ya Lindeman na Bennett walikaa maelfu wakiunda mashua, wakisubiri barafu. Mliowahi kuwaona wapasua mbao wetu msituni mnaijua kazi hiyo: mmoja amesimama juu ya gogo, mmoja chini, msumeno mrefu katikati, na wa chini anakula unga wa mbao machoni. Inasimuliwa kwamba msumeno ule ulivunja urafiki mwingi kuliko mlima. Wa juu anaamini wa chini anauning'inia, wa chini anaamini wa juu hafuati mstari. Wabia waligombana hadi wakagawana kila kitu nusu kwa nusu, wengine wakikata vipande hata vitu ambavyo nusu yake haina kazi. Nimeona duara likifungwa kwa ugomvi wa namna hiyo wakati dhahabu iko futi chache mbele. Sijawahi kuona duara likifungwa kwa sababu jiwe ni gumu.

Barafu ilipasuka tarehe 29 Mei 1898, na zaidi ya mashua 7,000 zikateremka. Kwenye Miles Canyon, karibu na ninapoishi sasa, maji yalibanwa kati ya kuta za mawe, mashua nyingi zikapasuka na watu wakafa, mpaka Steele akaamuru kila mashua iendeshwe na mtu anayejua, na wanawake na watoto watembee ufukweni. Siku hizi bwawa la umeme limeyatuliza maji. Wajukuu wanakwenda pale kurusha mawe.

Dawson nilikwenda baadaye, kwa barabara, zaidi ya kilomita 500 kutoka Whitehorse. Hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Umati wa Juni 1898 ulipofika, vijito vizuri vilikuwa na wenyewe tangu 1896 na 1897. Keish, ambaye wageni walimwita Skookum Jim, mpwa wake Káa Goox na shemeji yake George Carmack walipima viwanja vyao vya kiasi cha mita 150 kando ya kijito, waliokuwa karibu wakakimbilia vilivyobaki, basi. Waliovuka mlima na tani zao walizunguka kwenye matope ya mtaa wa mbele wakiuliza pa kuchimba. Wengi waliuza unga na sepeto zao, wakapanda meli kurudi. Waliovuna bila kushika karai walikuwepo, kama Belinda Mulrooney, aliyeleta nguo na chupa za maji ya moto, akaishia kujenga hoteli. Na Watr'ondëk Hwëch'in, wenye ardhi, walihamishwa, wakaongozwa na Chifu Isaac hadi Moosehide, kama kilomita 5 chini ya mto.

Kitu kilichoniweka macho Dawson kilikuwa ni uchimbaji wao. Ardhi imeganda mwaka mzima, ngumu kama zege. Dhahabu imelala chini kabisa, changarawe inapokutana na mwamba. Walichofanya ni kuwasha moto wa kuni usiku chini ya duara, asubuhi wakatoa majivu na udongo ulioyeyuka, labda sentimita 30, kisha wakawasha tena. Hivyo majira yote ya baridi, mpaka kwenye mwamba, halafu wakachimba pembeni kufuata changarawe. Udongo ulirundikwa juu ukaganda tena, ukasubiri maji ya masika ndipo uoshwe. Kwa hiyo ulifanya kazi miezi saba bila kujua vizuri kama unalundika dhahabu au mchanga.

Na hawakuweka matimba, magogo ya kuzuia duara lisiporomoke! Ukuta wa barafu ulijishikilia wenyewe. Niliuliza mara mbili, mwongozaji akafikiri sijaelewa Kiingereza chake. Nilikuwa nawakumbuka niliowazika kwa sababu ya matimba ya kubahatisha. Ila moshi wa zile kuni ulikuwa na hatari yake chini, kama hewa chafu inavyotuua sisi, na joto la masika lilipokuja kuta zikaanza kulia maji. Hapo unatoka, hata kama ndoo haijajaa.

Bonanza Creek kuna kiwanja kinachoruhusiwa mtu yeyote kuosha bure. Nikaazima karai. Baada ya dakika chache watalii wakaanza kunizunguka, mkono wa Nyarugusu haujifichi. Nilipata vumbi, vipunje vya kuhesabika. Mtoto mmoja akauliza kama nimekuwa tajiri, nikampa kipunje kimoja.

Agosti 1899, habari za dhahabu kwenye ufuo wa Nome, Alaska, zilipofika Dawson, watu wapatao 8,000 waliondoka kwa wiki moja. Wengi wao ni walewale waliovuka mlima wakakuta viwanja vimeisha.

Wiki niliyorudi Whitehorse mdogo wangu akapiga simu kutoka nyumbani.

"Kaka, shikamoo. Huku rashi imelipuka, nitumie nauli niwahi."

"Marahaba. Imelipuka lini?"

"Wanasema mwezi uliopita."

"Leseni ya nani?"

"Hayo tutayajua huko huko."

"Aliyekuambia ni nani?"

Akakohoa. "Yule jamaa mwenye duka la tochi na sepeto, pale stendi."

Nikamtumia hela ya mbolea ya mpunga. Mpaka leo hajaniambia kama aliinunua.